Oda ya keki isiyo na ngano: usiamini uso wa pakiti

Tuseme wewe ni mmoja wa vijana wanaooka keki nyumbani. Una oveni ya umeme uliyonunua kwa pesa za chama, simu yenye kamera ya kujikimu, na stetasi ya WhatsApp ambayo kila Ijumaa hujaa picha za keki. Wateja wako ni majirani, watu uliosoma nao, na mama mmoja mmoja aliyeonja kipande chako harusini akaomba namba. Jioni moja ujumbe unaingia: "Dadangu, nataka keki ya kilo moja na nusu, bethdei ya mwanangu. Ila yeye hali gluteni, daktari amemkataza. Utaweza?"

Utajibu nini?

Usinidanganye. Utajibu "nitaweza, mamangu", halafu ndipo uanze kutafuta gluteni ni mdudu gani. Oda ni oda, na kodi ya nyumba haingoji.

Jirani yangu hapa Mikindani, hii yetu ya Jomvu wala si ile ya Mtwara, alijibu vivyo hivyo. Mtoto alikuwa anatimiza miaka saba. Kesho yake akapanda matatu hadi mjini, akazunguka supamaketi mbili, akarudi na pakiti ya mchanganyiko wa keki wa unga wa mchele. Pakiti yenyewe ilikuwa nzuri, kusema kweli: rangi ya kijani, picha ya suke la mpunga, neno "natural" kwa herufi za madaha. Kwa bei yake ungenunua pakiti kadhaa za unga wa ngano wa kilo mbili na chenji ibaki. Alibisha hodi kwangu kwa sababu moja tu: maandishi ya nyuma yalikuwa madogo na miwani yake ilikuwa imevunjika mkono.

Nikamsomea. Unga wa mchele, sukari, wanga wa mahindi, bekingi pauda, chumvi, vanila. Hadi hapo shwari. Kisha likafuata neno "malt extract". Na chini kabisa, karibu na tarehe ya kuharibika, mstari mmoja: "may contain traces of wheat".

"Hiyo malti si ndiyo ile ya vinywaji vya watoto?" akaniuliza.

Ndiyo hiyo hiyo. Malti, kama haikutajwa kuwa imetokana na nafaka nyingine, kwa kawaida ni shayiri iliyooteshwa na kukaushwa. Na shayiri ina gluteni. Mstari wa chini nao ulikuwa unasema waziwazi kwamba huenda vumbi la ngano limo.

Angalia kwamba hakuna aliyemdanganya. Mbele ya pakiti hapakuwa na maneno "gluten free" popote pale. Palikuwa na mchele, na yeye akajazia yaliyobaki mwenyewe. Wengi wetu hunaswa hapo hapo. Tukiona mchele, muhogo au mtama umetajwa kwa herufi kubwa, akili inakimbia moja kwa moja hadi kwenye "basi hakuna ngano". Pakiti haikusema hivyo. Ni wewe umesema.

Mdudu mwenyewe ni nani

Gluteni ni protini. Ukikanda unga wa chapati ukauona unavutika kama mpira, ndiyo hiyo. Mahamri yanapofura na kubaki na uwazi katikati, ni gluteni iliyoshika hewa isitoke. Iko kwenye ngano, kwenye shayiri, na kwenye nafaka moja ya nchi za baridi ambayo kwenye lebo huandikwa "rye". Mchele, mahindi, mtama, wimbi, muhogo, dengu na viazi havina. Oti ni kesi ya pembeni: wagonjwa wengi huivumilia, lakini hulimwa, kubebwa na kusagwa pamoja na ngano mara nyingi sana, kwa hivyo oti ambayo haikuandikwa "gluten free" ihesabu kama ngano tu.

Kwa watu wengi protini hii haina neno. Kuna watu, hata hivyo, wenye ugonjwa wa siliaki. Wao wakila gluteni, kinga ya mwili huivamia kama adui, na katika vita hivyo unaoumia ni utumbo mdogo. Vile vijinyweleo vya ndani vinavyonyonya chakula hunyauka. Mtu anakula na hashibi mwilini: anaharisha, tumbo linajaa, damu inapungua, mifupa inadhoofika, mtoto anakataa kurefuka. Wengine hawaharishi hata siku moja, wao ni uchovu tu usioisha. Dawa ya kuuponya haipo. Tiba ni chakula, na ni ya maisha.

Najua unachotaka kusema. Huo ni ugonjwa wa wazungu. Sikulaumu, hata mimi niliwahi kusema hivyo. Lakini mwaka 1999 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha uchunguzi uliofanywa miongoni mwa watoto wa Sahara Magharibi, Waafrika wenzetu hawa, na zaidi ya watoto 5 katika kila 100 walikutwa na siliaki. Duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa takriban mtu 1 katika 100. Hao Wasahara ndio waliokuwa juu kabisa.

Hapa kwetu tumbo likisumbua, jina la kwanza ni amiba, la pili taifodi, la tatu minyoo. Mara nyingi huwa ni kweli, na ndiyo maana mwenye siliaki anaweza kumeza dawa za minyoo miaka na miaka bila mtu kushuku mkate. Mama wa yule mtoto wa bethdei alitusimulia alipokuja kuweka amana. Mwanawe alikuwa amekonda hadi shati la shule linaning'inia. Majirani wakamshauri ampe uji wa nguvu. Akaenda Kongowea, akanunua ule mchanganyiko unaoujua: mtama, wimbi, soya, njugu, muhogo kidogo, na ngano. Akausagisha, akawa anampikia asubuhi na jioni.

"Kila alivyozidi kukonda ndivyo nilivyozidi kumnywesha," akasema.

Jirani yangu hakujibu kitu. Alikuwa ameshika ile pakiti ya kijani mkononi.

Hapo nikaikumbuka hadithi ya daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa akishuku mkate tangu kabla ya Vita vya Pili vya Dunia. Kisha ikaja ile njaa kali ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, mkate ukaadimika Uholanzi, watu wakila walichopata. Watoto wengi wakadhoofika, lakini wagonjwa wake wa tumbo wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa ukarudi nao. Mwaka 1950 aliandika tasnifu yake katika Chuo Kikuu cha Utrecht kueleza kwamba tatizo ni ngano na jamaa zake. Kabla ya hapo watoto hao walikuwa wakilishwa kila kitu, na wengine walikufa.

Neno moja kando kabla hatujarudi kwenye pakiti. Ukijishuku, usiache ngano kwanza halafu ndipo uende hospitali. Kipimo cha damu hutafuta askari ambao mwili umewatengeneza dhidi ya gluteni, na ukishaacha kula ngano askari hao hupungua, majibu yakatoka safi na wewe ungali mgonjwa. Pima ukiwa bado unakula. Baada ya damu, daktari anaweza kutaka kuchukua kipande kidogo cha utumbo kwa kutumia kamera. Wale wa kuacha ngano kwa sababu ya mitindo ya TikTok siwasemi hapa. Wao wakila kwa bahati mbaya hawaumii. Huyu mtoto anaumia.

Geuza pakiti

Basi, uko dukani. Pakiti iko mkononi. Igeuze.

Viambato huandikwa kwa mpangilio wa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Hiyo ni kanuni ya Codex, mkusanyiko wa viwango vya chakula vya kimataifa, na ndiyo iliyofuatwa na kiwango cha Afrika Mashariki cha kuweka lebo, EAS 38. Kanuni hizo hizo zinataka nafaka zenye gluteni zitajwe. Lakini usisome vile viwili vya kwanza ukaridhika. Soma hadi nukta ya mwisho, maana malti, vikolezo na "flavouring" hujificha mkiani.

Tafuta maneno "wheat", "barley", "rye", "malt". Hayo ni rahisi. Magumu ni majina ya kupanga. Ngano inaweza kuitwa "semolina", "durum", "spelt", "farina", "bulgur". Kwenye bidhaa kutoka India, ambazo hapa Mombasa ziko tele, inaitwa "atta", "maida", "suji" au "rava". Unga wa dengu, ule wa bhajia, wenyewe ni salama. Ila hingi inayotiwa humo kwa harufu mara nyingi huuzwa ikiwa imechanganywa na unga wa ngano ili isigande. Nani angedhani?

Halafu kuna pakiti zinazoshuka kutoka Dubai na Oman zikiwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Hapo kama ulikaa madrasa hata miaka miwili, faida yako ni hii. Ngano ni "qamh". Shayiri, wala huhitaji kamusi, ni "sha'ir", na ndiko neno letu lilikotoka. Mara nyingine upande wa Kiingereza ni stika iliyobandikwa juu juu, na upande wa Kiarabu ndio wa kiwandani. Soma zote mbili. Zikitofautiana, rudisha pakiti rafuni.

"Wheat free" si "gluten free". Pakiti inaweza kukosa ngano kabisa ikawa na shayiri. Na kuna jambo la kinyume litakalokushangaza: pakiti inaweza kuandikwa "gluten free" na bado ikawa na "wheat starch". Hiyo ni wanga ya ngano iliyooshwa hadi gluteni ikabaki chini ya kiwango. Mwenye siliaki anaweza kuila. Mwenye mzio wa ngano hawezi, na mzio ni jambo jingine: mtu anaweza kuvimba midomo na kubanwa pumzi dakika hiyo hiyo, sherehe ikaishia emajensi. Ndiyo maana swali lako la kwanza kwa mteja, kabla ya rangi ya krimu, liwe: ni siliaki au ni mzio? Akikwambia hajui, mwombe amuulize daktari wake. Usione haya.

Tuje kwenye lile neno lenyewe, "gluten free". Tangu 2008 kanuni ya Codex inasema chakula kinachoitwa hivyo kisizidi miligramu 20 za gluteni kwa kila kilo. Marekani na Ulaya wanatumia kiwango hicho hicho. Miligramu 20 ni nini? Chukua punje moja ya mchele. Uzito wake ni karibu na hapo. Punje moja ndani ya kilo nzima.

Sasa piga hesabu na mimi. Kijiko cha chai cha unga wa ngano ni kama gramu 3. Karibu sehemu moja ya kumi ya unga huo ni protini, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni gluteni. Unapata kama miligramu 240. Kijiko hicho kimoja kikianguka kwenye kilo ya unga safi wa mchele, umezidisha kiwango mara 12. Na ukiutazama huo unga kwa macho, hutaona tofauti yoyote. Ni mweupe kama ulivyokuwa.

Ndiyo sababu mstari wa "may contain" si mapambo. Unamaanisha kiwanda kinasaga au kupakia ngano kwenye mashine zile zile. Tatizo ni kwamba katika nchi nyingi mstari huo ni wa hiari. Kiwanda kimoja kinauandika kwa uaminifu, cha jirani kina mashine zile zile na kimenyamaza. Kwa hivyo ukiukuta, weka pakiti chini. Usipoukuta, bado hujapata jibu.

Jibu linapatikana mahali pawili. La kwanza ni maneno "gluten free" yenyewe, afadhali yakiwa na nembo ya shirika linalopima. Ile ya Ulaya ni suke la nafaka lililokatwa kwa mstari ndani ya duara, kiwango miligramu 20. Ile ya GFCO ya Marekani ni herufi GF ndani ya duara, na wao wamebana zaidi, miligramu 10. La pili ni kuuliza. Pakiti nyingi zina namba ya simu au barua pepe. Andika ujumbe mfupi: je, unga huu unasagwa kwenye mashine inayosaga ngano? Je, mmewahi kuupima gluteni? Kampuni inayopima hujibu kwa namba. Isiyopima hujibu kwa sifa.

Na nembo ya ubora ya KEBS? Nilijua utauliza, maana jirani yangu aliigusa kwa kidole kama mtu anayegusa hirizi. Nembo hiyo ni muhimu. Unaweza hata kutuma namba ya kibali iliyo chini yake kwa ujumbe mfupi kwenda 20023 kuhakikisha si ya bandia. Lakini inakwambia kwamba bidhaa imekidhi kiwango chake. Unga wa ngano nao unayo. Mkate unayo. Nembo haikuambii kama mwenye siliaki anaweza kula.

Jiko lako nalo

Tuseme umepata pakiti safi, yenye nembo ya suke lililokatwa. Umefika nayo nyumbani. Meza ni ile ile uliyosukumia chapati jana usiku.

Mimi sikuwahi kufikiria hili mpaka tulipokaa jikoni kwa jirani yangu tukaanza kuangalia kitu kimoja kimoja. Mwiko wa mbao, umepasuka katikati, na ndani ya ufa kuna kitu cheupe kimekauka. Chekecheo, matundu yake madogo yameziba kwa unga wa ngano wa miezi. Bati la kuokea lina kona nyeusi zenye mabaki ya keki za tangu Krismasi. Sukari iko kwenye mkebe ambao kijiko chake hutoka kwenye unga na kurudi. Siagi ina chembe za mkate. Tena huwa anapaka bati mafuta na kulinyunyizia unga wa ngano ili keki isigande. Huo mkono unafanya wenyewe, hauombi ruhusa.

Ukitaka kuikubali oda kama hii, ikubali pamoja na kazi yake. Chekecheo jipya, usijaribu kuosha la zamani. Mwiko mpya, wa plastiki au wa chuma. Bati lisuguliwe hadi ling'ae, au tandika karatasi ya kuokea. Sukari, mafuta na bekingi pauda vifunguliwe vipya siku hiyo, na hiyo bekingi pauda nayo isomwe mgongo, kwa kuwa huwa na wanga ndani na wanga huo una asili yake. Oka asubuhi, kabla unga wowote wa ngano haujafunguliwa nyumbani, maana vumbi lake huelea na kutua lipendapo. Na siku hiyo usichukue oda nyingine. Gharama hizi zote zitie kwenye bei. Mteja anayejua shida yake hatashangaa.

Na kama huwezi, sema huwezi. Kuna kitu tunakiita kujituma ambacho kwa kweli ni kucheza na tumbo la mtoto wa mwenzio.

Unga wa bibi

Pakiti ya kijani ilirudishwa dukani. Pakiti yenye nembo ya suke hatukuipata wiki ile, na bethdei ilikuwa Jumamosi. Jirani yangu akataka kurudisha amana. Ni mamake aliyekuwa amekuja kutembea kutoka Likoni ndiye aliyetutazama akasema, "Kwani nyie mkate wa sinia hamuujui?"

Tukanyamaza kama watoto waliokosa darasani.

Fikiria. Mchele ulorowekwa usiku kucha, tui zito la nazi, sukari, iliki, hamira. Unasaga, unaacha uumuke, unamimina kwenye sufuria au sinia iliyopakwa mafuta, unaoka. Kila Ramadhani tunaula kwa futari na hakuna anayeuita chakula maalum. Pwani nzima imejaa vitu vya namna hiyo: vibibi, vitumbua, bhajia za kunde. Sisi tulikuwa tumekwenda kutafuta kwa bei ya kuvunja mgongo kitu ambacho mamake alikuwa akikimimina kabla sisi hatujazaliwa.

Lakini ngoja kwanza, usikimbilie kuandika kwenye stetasi kwamba vitumbua ni "gluten free". Wapishi wengi siku hizi hutia kijiko kimoja viwili vya unga wa ngano ili vishikane, na ukikumbuka ile hesabu yetu ya kijiko, unajua maana yake. Cha kuuzwa njiani huwezi kukihakikisha. Mafuta yaliyokaangia mahamri asubuhi ndiyo yanayokaangia bhajia jioni.

Kisha kuna mashini. Wazo letu la kwanza lilikuwa kupeleka mchele kusagwa mtaani, ni karibu na ni rahisi. Nikaenda kutazama. Aliyenitangulia kwenye foleni alikuwa na ndoo ya mchanganyiko wa uji, na humo ngano nikaiona kwa macho yangu. Mashini haifunguliwi wala kuoshwa kati ya mteja na mteja. Kilobaki cha mwenzio ndicho kinachotangulia kwenye mfuko wako. Nikamuuliza kijana wa mashini kama anaweza kuipangusa kwanza. Akacheka, si kwa ubaya. "Bro, hii ikisimama nalipa nini stima?"

Wala huwezi kumlaumu. Tunaishi kando ya barabara kuu ya Nairobi. Sehemu kubwa ya ngano inayoliwa Kenya hii huletwa na meli, hushushwa bandarini Kilindini, na malori yake hutupita hapa Changamwe na Miritini usiku na mchana. Ngano ndiyo iko kila mahali. Asiyeitaka ndiye mwenye kazi.

Kwa hivyo mchele ulichaguliwa juu ya sinia, punje kwa punje, kwa kuwa hata gunia la mchele halikosi ngano moja mbili. Ukaoshwa mara tatu. Ukarowekwa. Blenda ya jirani yangu ilikuwa imewahi kusagia biskuti za keki ya jibini, tukaikataa. Tukaazima ya mtu ambaye huitumia kwa juisi tu, tukaiosha na bado tukaisuuza kwa maji ya moto. Hamira ilikuwa ya pakiti mpya, imesomwa mgongo na watu watatu akiwemo mama wa Likoni, ambaye hakuona lolote lakini alisisitiza apewe zamu.

Mkate wa kwanza ulikataa kupanda, ukatoka kama sahani. Wa pili ulipanda upande mmoja. Wa tatu, wa nne na wa tano vilikuwa vizuri, vikapangwa kimoja juu ya kingine, katikati malai ya nazi iliyopigwa na sukari, juu vipande vya embe dodo. Kwa mbali ilikuwa keki kabisa. Kwa karibu ilinukia iliki na futari.

Mama wa mtoto alikuja kuichukua mwenyewe Jumamosi saa nne asubuhi. Kabla hajafungua boksi aliuliza kila kitu: mchele umesagwa wapi, bati ni lipi, hamira ni ya kampuni gani, aione pakiti. Jirani yangu alikuwa ameziweka pakiti zote tupu kwenye mfuko mmoja, akampa. Akazisoma amesimama mlangoni, moja moja, bila haraka, boda akimngoja chini akipiga honi.

Kisha akafungua mkoba wake akatoa kisu kilichofungwa kwa karatasi safi. "Hiki ndicho cha kukatia," akasema. "Vya nyumbani kwa shangazi yake sivijui."